Kujifunza briji barazani: jifunze kula kabla ya kutaja dau

Ukipita Mkunguni alasiri, mbele ya ngome ya Amu (Lamu), utakuta bao, utakuta dhumna, utakuta karata zinapigwa chini kwa kishindo. Briji, mchezo wa karata wa watu wanne, huikuti. Wanaoicheza wapo, lakini wamejificha majumbani na kwenye simu, na mtu akitaka kujifunza huambiwa kwanza akariri jedwali la madau, zile ahadi zinazotajwa kabla ya kucheza, refu kama shuka. Wengi huishia hapo. Mimi nilifunzwa na ami yangu, baharia mstaafu aliyeujulia mchezo huu melini, naye hakunitajia dau hata moja kwa wiki mbili za mwanzo. Alinifunza kula, yaani kuzishinda karata zinazotolewa. Nami ndivyo ninavyowafunza wenzangu hadi leo, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu.

Melini, kwa kweli, ndiko ilikozaliwa briji ya leo. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akisafiri kwa meli iliyopita Mfereji wa Panama, aliwajaribishia wasafiri wenzake hesabu mpya aliyoibuni juu ya briji ya zamani. Hesabu hiyo ndiyo iliyoenea dunia nzima. Ami hupenda kuitaja habari hii kana kwamba mabaharia wote wana hisa ndani yake.

Usiogope maneno, mengi unayo tayari. Kopa, uru, pau, shupaza, na turufu yenyewe, ile aina inayozishinda nyingine, yote yametokana na Kireno. Mtu wa pwani anayekaa kujifunza briji hajifunzi karata upya. Aliyewahi kucheza wahedi wa sitini, wawili kwa wawili, ameshafika nusu ya njia.

Na neno moja kwa wazee watakaokunja uso: briji haihitaji pesa. Kwetu hatuweki hata shilingi. Tunaandika pointi kwenye daftari la shule, na mshinde huandaa kahawa ya kesho yake.

Watu, mkeka na kibla

Mnahitaji watu wanne na pakiti ya karata 52, za joka zikiwa zimetolewa. Wawili wanaotazamana ni timu moja. Viti huitwa kwa pande za dunia: Kaskazini na Kusini ni wamoja, Mashariki na Magharibi ni wamoja. Hapa Amu hili halitusumbui, kwa sababu kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Anayekaa upande wa kibla ndiye Kaskazini, anayemkabili ni Kusini, anayekaa upande wa Manda ni Mashariki, na aliyebaki, wa upande wa mashamba, ni Magharibi.

Mgawaji huzichanga, wa kuliani kwake hukata, kisha hugawa moja moja kuanzia kushoto hadi kila mtu awe na 13. Kila kitu katika mchezo huu huzunguka kwa kushoto. Panga karata zako kwa aina, nyekundu na nyeusi zikipishana, usije ukaichanganya uru na kopa kwenye mwanga wa kibatari.

Vyeo kutoka juu: ree, mfalme, bibi, ghulamu, kisha 10 kushuka hadi 2. Vijana wanasema esi, kingi, kwini na jeki, ni sawa. Aliyezoea mchezo unaoipa saba heshima kubwa aiache heshima hiyo mlangoni. Hapa saba ni saba tu.

Kula pigo

Mmoja anatoa karata, wengine watatu wanafuata, kila mmoja moja. Hizo karata nne nitaziita pigo. Yako mapigo 13 katika kila mchezo. Sheria ni moja na haina huruma: ukiwa na karata ya aina iliyoanzishwa, lazima uitoe. Ukiwa huna, toa yoyote. Aliyetoa kubwa ya aina iliyoanzishwa ndiye anayekula, isipokuwa kama kuna aliyekata kwa turufu, hapo turufu kubwa ndiyo inayokula. Anayekula ndiye anayeanzisha pigo linalofuata.

Mfano. Turufu ni kopa. Magharibi anaanzisha mfalme wa pau, Kaskazini anatoa pau 4, Mashariki hana pau na anakata kwa kopa 2, Kusini anatoa ree ya pau kwa sababu hana pau nyingine. Kopa 2, karata ndogo kuliko zote, imekula mfalme na ree pamoja.

Mimi usiku wangu wa kwanza nilimkatia ami ree yake mwenyewe. Pigo lilikuwa lake tayari, nami kwa furaha ya kuona sina uru nikaitupa turufu juu. Hakunikemea. Aliiokota ile ree, akanionyesha, akairudisha chini taratibu. Tangu siku hiyo, kabla sijakata, hutazama kwanza nani anakula.

Wiki ya kwanza: bila mnada

Sasa hesabuni nguvu za mikono yenu. Ree ni pointi 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Kila aina ina 10, pakiti nzima 40, kwa hiyo mkono wa kawaida ni wa pointi 10.

Kwa wiki ya kwanza kila mtu ataje jumla yake kwa sauti. Timu yenye pointi nyingi ndiyo itakayocheza, na katika timu hiyo mwenye nyingi zaidi ndiye mwenye dau. (Zikitoka 20 kwa 20, gawa upya.) Mwenzake anaweka karata zake zote chini, wazi, zimepangwa kwa aina, kisha anakaa kimya. Sisi tunamwita bubu. Mwenye dau anatazama mikono miwili, wake na wa bubu, anachagua turufu au anasema bila turufu, anataja atakula mapigo mangapi, kisha mlinzi, yaani mpinzani, wa kushoto kwake anatoa karata ya kwanza. Kuanzia hapo mwenye dau ndiye anayezichezesha karata za bubu kwa zamu yake. Bubu hatii neno, hatii kidole, ila kuleta kahawa.

Turufu uchague vipi? Tazama aina ambayo nyinyi wawili mnazo nane au zaidi kwa jumla. Mkiwa nazo nane, wapinzani wana tano, na tano hizo hugawanyika tatu kwa mbili karibu mara 68 kati ya 100. Hizo ni namba njema. Msipokuwa na aina ya nane, chezeni bila turufu.

Chezeni hivi usiku tano au sita. Mtaona kwamba mtu akishajua karata zinakulaje, madau hujieleza yenyewe.

Hesabu kabla ya kugusa

Hapa ndipo wanaoanza wanapozama. Karata ya kwanza ikitoka, mkono unawasha, mtu anataka kupiga. Ngoja. Bubu ameshafunua, sasa hesabu mapigo yako ya hakika, yale utakayokula bila kumwachia mpinzani hata moja. Ree na mfalme wa aina moja ni mawili. Ree peke yake ni moja. Mfalme na bibi bila ree si hata moja la hakika, lakini ni moja la baadaye, ree ikishang'olewa. Jumlisha, linganisha na ulichoahidi, kisha jiulize: yaliyopungua nitayatoa wapi?

Majibu ni matatu, zaidi ya hayo hutahitaji kwa mwaka mzima. Ung'oe kubwa yao ili zako zisimame. Ukate kwa turufu za upande wenye turufu chache, wa bubu mara nyingi. Au utege.

Mtego ndio utamu wa briji. Tuseme bubu ana ree na bibi wa shupaza, wewe una mbili ndogo, na mfalme yuko kwa wapinzani. Ukianzisha ree kisha bibi, mfalme atamla bibi. Badala yake anzisha ndogo kutoka mkononi mwako kuelekea kwa bubu, umwache mpinzani wa kushoto atoe kabla yako. Akimtoa mfalme, unampiga kwa ree na bibi amesimama. Akitoa ndogo, unamweka bibi na kuomba. Mfalme akiwa kushoto umefaulu, akiwa kulia umeliwa. Nusu kwa nusu. Lakini njia ya kwanza karibu haina hata hiyo nusu.

Ami, nikikawia kuhesabu, husema: "Teza, mwanangu. Karata haiivi kwa kushikwa." Nikiharakisha na kupoteza huniuliza moto ulikuwa wapi. Hakuna ushindi mbele yake.

Na ukiwa na turufu, kwa kawaida zitoe mapema mikononi mwa wapinzani, ukizihesabu. Mlizo nazo nyinyi toa kwenye 13, zinazobaki ni zao. Usihesabu zilizochezwa zote, hesabu zao tu. Tano, zimetoka mbili, zimebaki tatu. Kichwa hakichoki.

Mnada

Dau hapa Amu ni jina la chombo pia, lile dau la mwao lililobeba boriti za mikoko. Ami husema yote mawili ni mamoja, ukishalisukuma majini, limeondoka.

Katika briji kamili hakuna anayetaja pointi zake. Mnazijulishana kwa madau tu. Mgawaji anaanza, zamu inakwenda kushoto, na kila mmoja ama anasema pasi ama anataja dau kubwa kuliko lililotangulia. Dau lina namba na aina, kwa mfano "1 kopa" au "3 bila turufu". Namba ni ya mapigo juu ya sita. "1 kopa" ni kuahidi mapigo 7 kopa ikiwa turufu, "4 shupaza" ni mapigo 10. Namba inaishia 7, mapigo yote 13.

Aina nazo zina daraja, kutoka chini: pau, uru, kopa, shupaza, na juu yao bila turufu. Akisema mwenzako 1 kopa, unaweza kusema 1 shupaza, lakini ukitaka pau lazima uende 2. Pasi tatu mfululizo baada ya dau zinafunga mnada, na dau la mwisho ndilo ahadi ya mkataba. Mwenye dau ni yule katika timu aliyekuwa wa kwanza kuitaja aina hiyo, hata kama mwenzake ndiye aliyeipandisha.

Kwa nini watu wapande? Kwa sababu ya malipo. Kila pigo juu ya sita lina pointi 20 kwa pau na uru, 30 kwa kopa na shupaza. Bila turufu la kwanza ni 40 na yanayofuata 30. Ukiahidi madau ya kufika 100 na ukatimiza, unapata zawadi kubwa. Tuiite gemu. Kwa hiyo gemu ni 3 bila turufu, au 4 kopa na 4 shupaza, au 5 pau na 5 uru. Zawadi yake ni 300, na kwa timu iliyo katika hatari ni 500. Mkiishia chini ya gemu zawadi ni 50 tu. Mkishindwa kutimiza, wapinzani wanapata 50 kwa kila pigo lililopungua, au 100 mkiwa katika hatari. (Hatari ni zamu tu ya kugawana uzito, hubadilika mchezo kwa mchezo na mnaiandika daftarini.)

Sasa namba moja ya kushika kuliko zote: 25. Mikono yenu miwili ikifika pointi 25 hivi, gemu ya kopa, shupaza au bila turufu inawezekana. 33 ni za kuahidi mapigo 12, na 37 ni za 13. Mnada mzima ni maswali mawili: tuna 25? Tuna aina ya nane?

*Kufungua.* Ukiwa na 12 au 13 kwenda juu, fungua. Ukiwa na shupaza tano au kopa tano, itaje kwa 1. Usipokuwa nazo, taja uru au pau iliyo ndefu zaidi. Mkono uliotulia, usio na aina ya karata moja wala upungufu wa aina nzima, ukiwa na 15 hadi 17, fungua 1 bila turufu. Kuna mtindo wa Waingereza uitwao Acol ambao 1 bila turufu ni ya 12 hadi 14, na kopa au shupaza nne zinatosha kufungua. Wote ni mitindo mizuri. Ubaya ni mmoja kucheza huu na mwenzake ule, basi kubalianeni kabla ya kugawa.

*Kujibu mwenzako akifungua 1 kopa au 1 shupaza.* Una tatu au zaidi za aina yake? Ana tano, mmeshapata nane, mweleze uzito wako: 6 hadi 9 pandisha hadi 2, 10 hadi 12 ruka hadi 3, 13 na zaidi hakikisha mnafika gemu. Chini ya 6, pasi, na usione haya. Huna msaada wa aina yake? Taja yako yenye karata nne kama inaingia kwenye 1 na una 6. Kuipeleka kwenye 2 kunataka 10 na zaidi. Ukiwa na 6 hadi 9 na huna pa kwenda, sema 1 bila turufu. Aina mpya ikitajwa na anayejibu, aliyefungua hapasi. Hilo liwekeni kama nadhiri.

*Kujibu 1 bila turufu.* Unajua ana 15 hadi 17, hesabu ni ya dukani. Mkono uliotulia wa 0 hadi 7, pasi. 8 au 9, sema 2 bila turufu, maana yake "kama una nyingi, twende". 10 hadi 15, sema 3 bila turufu papo hapo. Ziko mbinu za kuulizana kopa na shupaza nne, lakini zingoje hadi mmecheza michezo mia.

*Wapinzani wakifungua kwanza.* Aina nzuri ya karata tano na pointi 8 na kitu, itaje. Ukiwa na 12 na zaidi, na aina yao unayo kidogo, sema dabo, tamko jingine linaloruhusiwa mnadani mbali na pasi na dau. Mwanzoni mwa mnada dabo haimaanishi kwamba watashindwa, inamwomba mwenzako achague aina.

Mkono mmoja kwa karibu

Wewe ni Kusini, umegawa wewe, hakuna aliye katika hatari.

Kusini: shupaza ree, mfalme, 8, 5, 3. Kopa 7, 4. Uru ree, 6, 2. Pau bibi, ghulamu, 10.

Kaskazini: shupaza bibi, 9, 4, 2. Kopa ree, bibi, 5. Uru mfalme, 7, 3. Pau 8, 5, 2.

Hesabu zako: 7 za shupaza, 4 za uru, 3 za pau, jumla 14. Shupaza ni tano. Unafungua 1 shupaza. Magharibi pasi. Kaskazini ana 11 na shupaza nne, anaruka 3 shupaza. Mashariki pasi. Sasa wewe: mwenzako ana 10 hadi 12, wewe 14 na shupaza ya tano ambayo nayo ni uzito. Mmefika 25. Unasema 4 shupaza, wote wanapasi.

Magharibi anatoa bibi wa uru. Kaskazini anafunua. Mikono magotini, hesabu. Shupaza tano, zote zako, kwa kuwa mnazo tisa pamoja na ree, mfalme na bibi. Kopa ree, moja. Uru ree na mfalme, mbili. Jumla nane. Pau watakula kwa ree na mfalme, kisha karata yako ya tatu imesimama: tisa. Umeahidi kumi. La kumi liko wapi? Ni bibi wa kopa, na njia yake ni mtego.

Sasa utaratibu. Ili kutega lazima uanzishe kopa kutoka mkononi mwako. Kwa hiyo kula pigo la kwanza kwa mfalme wa uru wa bubu, uibakize ree yako. Toa bibi wa shupaza kutoka kwa bubu, kisha shupaza ndogo kuja kwa ree yako, kisha mfalme kama bado wanazo. Wapinzani walikuwa na nne, hesabu. Uko mkononi mwako bila hata kutembea. Anzisha kopa 4. Magharibi akitoa ndogo, weka bibi. Mashariki akitoa ndogo, mfalme alikuwa Magharibi na pigo la kumi limepatikana. Kisha ng'oa pau. Watakula mbili na uru moja, basi.

Daftarini: mapigo manne juu ya sita kwa 30 ni 120, na zawadi 300, jumla 420. Kama mngeishia 3 shupaza mkala kumi hizo hizo, mngeandika 170. Mtego ukishindwa mnapoteza 50. Kwa mizani hiyo unaona kwa nini mwenye kuogopa kila siku hubaki nyuma.

Ukiwa mlinzi

Nusu ya maisha ya briji ni kulinda, na ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu mwenye dau anaona mikono yote miwili ya timu yake, nawe unaona wako na wa bubu tu, wa mwenzako huuoni. Karata ya kwanza: ukiwa na mfululizo kama bibi, ghulamu na 10, toa ya juu yake, kama alivyofanya Magharibi hapo. Dhidi ya bila turufu, usipokuwa na mfululizo, toa ya nne kutoka juu katika aina yako ndefu. Wa pili kutoa kwenye pigo kwa kawaida aweke ndogo, wa tatu aweke kubwa. Si sheria ya dini, lakini ukiivunja uwe na sababu.

Kukonyezana

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu barazani tumelelewa vingine. Kuna michezo ya karata ambayo kumkonyeza mwenzako, kugusa sikio au kukohoa ndiyo nusu ya raha. Katika briji ni wizi. Unaruhusiwa kuzungumza na mwenzako kwa madau na kwa karata unazotoa, basi. Hata sauti: "pasi" ya unyonge na "pasi" ya hasira zote mbili ni kosa. Na mkiwa na mapatano ya siri juu ya maana ya dau, hayo pia hayafai. Mpinzani akiuliza dau la mwenzako lina maana gani, unamjibu kweli. Jirani yetu mmoja, hodari wa dhumna, alikaa usiku mmoja tu. Alisema mtu akinyimwa macho yake hana cha kuchezea.

Watu wakipungua

Msimu wa Maulidi, au kusi likivuma na mmoja amekwama Pate, wanne hawapatikani. Simu ina Bridge Base Online, unaweza kucheza na mashine bila malipo, na mashine haikasiriki ukimkatia ree. Omar Sharif, yule mcheza sinema wa Misri, alikuwa bingwa wa briji naye, na baadhi ya michezo yake imehifadhiwa, ni ya kutazama ukishajua kufuata mnada.

Lakini zoezi nilipendalo halihitaji simu. Zitoe karata 26 za ule mkono wa mfano, zipange mkekani, Kusini na Kaskazini. Chukua 26 zilizobaki, zichange, wagawie Mashariki na Magharibi 13 kila mmoja, ucheze. Rudia mara kumi, uandike mara ngapi mfalme wa kopa ameangukia Magharibi. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo ilitoka nne, na ami akadai mimi ndiye nisiyejua kuchanga.